Sonona si Ugonjwa wa Watu wa Karen

Kuna kauli moja iliyoenea mno miongoni mwa wanafunzi wetu, nami, nikiwa mwalimu wa Kiswahili katika chuo kimoja kilichoko mtaani Karen, huisikia kila muhula bila kukosa. Kauli yenyewe ni kwamba sonona ni ugonjwa wa watu wa Karen. Husemwa kwa mzaha, na aghalabu hufuatwa na kicheko. Maana yake ni kwamba mtu hawezi kuugua maradhi ya huzuni mpaka kwanza awe na nyumba iliyozungushiwa ua mrefu, mbwa wawili wakubwa na mlinzi langoni. Mtoto wa mama mboga, aliyelipiwa karo kwa mchango wa jamaa na majirani, hana nafasi ya kuugua maradhi ya namna hiyo. Yeye ana njaa, na ana kodi ya chumba iliyopitisha tarehe. Wakati wa sonona ataupata wapi?

Kinachonishangaza ni kwamba wanaoyasema hayo wenyewe hushinda Karen mchana kutwa. Msomaji asiyeufahamu mtaa huu huenda akadhani kwamba ni makao ya mabalozi na matajiri peke yao. La hasha. Humu na pembezoni mwake mna Chuo Kikuu cha Ushirika cha Kenya, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, na vyuo vingine vidogo kwa vikubwa. Kila asubuhi matatu hushusha vijana wengi ambao jioni hurudi kulala Rongai, Ngong na kwingineko, katika vyumba ambavyo watu watatu hugawana kitanda kimoja na jiko moja. Hao ndio watu wa Karen niwajuao mimi. Hupita kando ya kuta za wenyewe wakielekea darasani, na wengi wao hawajapata kuona kilichoko nyuma ya kuta hizo.

Tena, kama ni kuzungumza juu ya wenye mali, wengi huamini kwamba mtaa wenyewe ulipewa jina la Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyelima kahawa hapa hadi shamba likauzwa mwaka 1931 na kukatwa viwanja. Baba yake, Wilhelm Dinesen, alijitoa uhai mwaka 1895, binti akiwa na umri wa miaka tisa. Wanafunzi wangu huizuru nyumba ya mama huyo, ambayo imekuwa jumba la makumbusho tangu mwaka 1986, wakapiga picha bustanini, na sijamsikia hata mmoja akirudi na habari hiyo. Basi matajiri nao huugua, na hilo silikani. Kosa la mzaha wetu ni pale unapomfungia maskini mlango wa hospitali.

Mzaha huu una baba, na baba huyo anajulikana kwa jina.

Mnamo mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua makao ya wendawazimu mjini Nairobi, mahali palipokuwa pametumiwa hapo awali kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka 1924 makao hayo yakaitwa hospitali ya Mathari, jina ambalo hadi leo Mkenya akimtupia mwenzake barabarani huwa amemtukana tusi zima. Wagonjwa walitengwa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Mwaka 1938 hospitali hiyo ilikabidhiwa daktari Mwingereza, J. C. Carothers, ambaye wakati huo hakuwa amesomea maradhi ya akili, naye akaisimamia hadi mwaka 1950. Kutokana na madaftari ya wagonjwa wake alifikia uamuzi kwamba sonona ni nadra mno kwa Mwafrika. Sababu aliyoitoa ni kwamba Mwafrika hubebwa na ukoo na mila, hivyo hana mzigo wa dhamira binafsi unaoweza kumlemea. Katika makala ya mwaka 1951 alithubutu kumfananisha Mwafrika na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, kikasomwa ulimwengu mzima. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikamchapishia kijitabu kingine, hiki kikiwaeleza wapiganaji wa Mau Mau kana kwamba uchungu wa kunyang'anywa ardhi ulikuwa kasoro ya nafsi.

Ningependa msomaji, hasa mwalimu, atafakari jinsi daktari huyo alivyokosea, maana kosa lake tunalirudia sisi kila siku tukiwa na chaki mkononi. Je, ni Mwafrika yupi aliyekuwa akifikishwa Mathari? Ni yule aliyerusha mawe sokoni, aliyechoma nyumba, aliyetembea uchi mjini hadi polisi wakamkamata. Mjane wa Murang'a aliyeacha kulima, akageuza uso ukutani, akawa hali wala hasemi, hakuna askari aliyemfuata. Alikaa kwake akifa polepole, na jamaa wakasema amechoka. Daktari aliwahesabu waliopiga kelele, kisha akautangazia ulimwengu kwamba walionyamaza hawapo.

Watafiti waliokuja baadaye na kuwaendea watu vijijini mwao walikuta mambo mengine kabisa. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji viwili vya Uganda, wakaonyesha kwamba sonona ilikuwa imeenea humo kuliko katika sehemu ya jiji la London waliyoilinganisha nayo. Nchini Nigeria, Profesa Thomas Adeoye Lambo alikuwa amekwisha kuanza kuipinga fikra hiyo ya wakoloni, na hapa kwetu Profesa David Ndetei wa Chuo Kikuu cha Nairobi ametumia miaka mingi kuonyesha kwa tarakimu kwamba Mkenya wa kawaida, aliyekwenda zahanati kwa sababu ya kuumwa na mgongo, mara nyingi anaumwa na jambo jingine. Lakini uongo ulikuwa umekwisha kutangulia njiani. Sisi wenyewe tukaupokea, tukaugeuza kuwa sifa. Tukasema Mwafrika ni mgumu. Tukawafundisha watoto wetu kujikaza kisabuni.

Sasa tuitazame shule. Katika mwaka 2016 zaidi ya shule 100 nchini zilikumbwa na visa vya moto, na taifa zima likaketi kuuliza wanafunzi wana nini. Miaka 15 kabla ya hapo, wavulana 67 walikuwa wameteketea bwenini katika shule ya Kyanguli, Machakos. Ni haki kabisa kwamba mikasa kama hiyo iundiwe tume na kuandikiwa ripoti. Lakini mwanafunzi ambaye hakuchoma kitu, ambaye alilala tu akitazama dari kwa mwezi mmoja, huundiwa tume gani? Huandikwa katika ripoti ya muhula kwamba ni "mtulivu na mwenye nidhamu." Nimeyaona maneno hayo katika karatasi za wanafunzi wengi waliojiunga nasi kutoka shule za upili. Yapo ambayo yalikuwa sifa ya kweli. Yapo pia ambayo, baada ya kumfahamu mwenyewe, niliona kwamba yalikuwa dalili ya ugonjwa iliyopigwa muhuri wa shule na kutiwa sahihi na mwalimu mkuu.

Huenda msomaji akauliza sonona hasa ni nini, na inatofautianaje na huzuni ambayo kila mwana wa Adamu huionja. Swali hilo ni la haki. Wataalamu wa lugha bado wanavutana kuhusu neno: wapo wanaosema unyogovu, wapo wanaosema mfadhaiko, nami napendelea sonona kwa kuwa limetokana na kitenzi cha siku nyingi, kusonona, yaani kuumia rohoni. Huzuni ya kawaida ina mlango wa kutokea. Aliyefiwa hulia, lakini rafiki akija na kisa cha kuchekesha hucheka katikati ya machozi. Aliyeanguka mtihani hukasirika, kisha hula. Mwenye sonona hupoteza ladha ya vitu vyote kwa pamoja. Mpira aliokuwa akiupenda haumvutii, chakula ni kama karatasi mdomoni, usingizi humkimbia saa tisa za usiku au humfunga kutwa nzima, na fikra humrudia zilezile, kwamba yeye ni bure, kwamba ni mzigo kwa wazazi. Hali hiyo ikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na kumzuia mtu kufanya shughuli zake, madaktari huiita ugonjwa. Haijalishi kama mgonjwa ana gari au anakwenda kwa miguu. Kwa hakika umaskini, deni, kufiwa na mapigo ya utotoni huifungulia njia, kwa hiyo yule mtoto wa mama mboga yuko karibu nayo zaidi kuliko mwenye mbwa wawili.

Aidha, kwetu ugonjwa huu mara nyingi huja umevaa nguo za maradhi mengine. Mwanafunzi haendi zahanati kusema kwamba moyo wake umezimika. Husema kichwa kinamgonga, kifua kinambana, mwili wote hauna nguvu. Hupimwa damu. Huambiwa ana homa ya matumbo, maana katika nchi hii homa ya matumbo imekuwa jibu la kila uchovu usioeleweka. Hupewa dawa, humaliza, hurudi, hupewa nyingine. Hakuna anayemuuliza analala vipi.

Ajabu ni kwamba fasihi yetu iliyafahamu mambo haya zamani. Euphrase Kezilahabi alimwandika Rosa katika Rosa Mistika mwaka 1971, na Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, katika Kichwamaji mwaka 1974. Wote wawili wanaishia kujitoa uhai. Nimesahihisha insha nyingi mno kuhusu Kazimoto. Wanafunzi huandika kwa ufasaha juu ya ukengeushi, udhanaishi, na mgongano wa mila na usasa. Hupata alama zao, nami huwapa bila choyo. Sikumbuki insha iliyouliza kama Kazimoto alikuwa mgonjwa, wala kama kulikuwa na mtu katika riwaya ile aliyeweza kumkalisha chini na kumwuliza. Sisemi kwamba riwaya igeuzwe kitabu cha tiba. Nasema tu kwamba darasa likiwa na wanafunzi 80, na mwalimu akiwaeleza kwa saa nzima kwamba kijana msomi anayechukia maisha ni alama ya falsafa fulani, yupo mmoja katika safu ya nyuma ambaye amesikia kwamba maumivu yake ni mada.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye sitamtaja, wala chuo sitakitaja. Alikuwa mtunzi mzuri wa mashairi ya arudhi, kijana wa maneno machache na mizani kamili. Muhula wa kwanza alikaa mbele. Muhula wa pili alihamia nyuma, kisha akawa haji. Katika mkutano wa walimu jina lake lilipotajwa, mmoja alisema ni mvivu, wa pili akasema ni mchezo wa kamari za simu, wa tatu akasema bila shaka kuna msichana. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hayo ndiyo maelezo matatu tuliyo nayo katika sanduku letu, nasi huyatoa kwa zamu.

Nilimtuma mwanafunzi mwenzake Rongai, akamkuta kitandani. Alikuwa hajatoka chumbani kwa siku 11. Alikuwa amekwisha kutibiwa homa ya matumbo mara mbili. Kwa bahati njema tabibu wa zahanati moja ndogo aliyemwona mara ya tatu alikuwa mtu wa kusikiliza, naye akamwandikia barua ya kwenda Mathari.

Kijana huyo alinieleza baadaye jinsi alivyokwenda. Alipanda matatu ya Thika Road mjini. Utingo alipoita "Mathari, wa Mathari," hakuweza kuinuka. Aliona kwamba kila abiria angemtazama. Alibaki ameketi hadi kituo cha mbele, akashuka, akarudi kwa miguu kando ya barabara ile kuu yenye vumbi na kelele, mtu ambaye siku chache kabla ya hapo hakuwa na nguvu ya kwenda msalani. Alipokelewa vizuri. Alipewa dawa na kupangiwa siku za kuzungumza na mshauri. Alielezwa kwamba dawa hizo hazifanyi kazi kwa siku moja kama za kuumwa na kichwa, kwamba huchukua wiki mbili, nne, wakati mwingine zaidi, na kwamba asiziache kwa ghafla atakapojisikia nafuu. Wiki ya nne alianza kulala usingizi wa kawaida. Wiki ya sita aliniletea shairi.

Mama yake alikuwa amekuja kutoka kijijini, pamoja na jamaa wawili waliotaka kijana apelekwe kuombewa na dawa za hospitali zitupwe. Mama alisikiliza, akasema kwamba ataombewa na atameza. Sijasikia hoja bora kuliko hiyo. Mgonjwa wa malaria huombewa katika nchi hii kila siku, na hakuna mchungaji anayemwambia ateme kwinini.

Hadithi hii ingekuwa imekwisha hapo, na ingekuwa nzuri. Lakini kijana alikuwa amekosa mitihani minne. Kanuni ya chuo inasema, na ni kanuni ya kawaida katika vyuo vingi, kwamba aliyekosa mtihani kwa sababu ya ugonjwa ataruhusiwa kuufanya baadaye bila kuadhibiwa, mradi awasilishe barua ya daktari. Barua aliipata. Ilikuwa na kichwa cha hospitali na muhuri wa Mathari chini yake. Ingepitia kwa karani wa idara, kwa mkuu wa idara, kwa ofisi ya mkuu wa kitivo, kisha ofisi ya mitihani, na nakala moja ingewekwa katika faili ambalo wanafunzi walio kwenye mafunzo ya kazi hutumwa kulitoa kabatini.

Hakuiwasilisha. Alikaa nayo mkobani, akakubali kuandikwa kwamba alikosa mitihani bila sababu, akarudia mwaka mzima. Nilipomwita na kumwuliza, alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, nikirudia mwaka watasema mimi ni mjinga. Mjinga anaweza kuajiriwa. Mwenye karatasi ya Mathari ataajiriwa na nani?"

Nilikwenda kuuliza kama barua ingeweza kupokewa ndani ya bahasha iliyofungwa, isomwe na mtu mmoja tu. Niliambiwa kwamba kanuni haina bahasha. Nyumbani kwao ng'ombe wa maziwa aliuzwa ili karo ya mwaka ule wa ziada ilipwe.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu tunapozungumza juu ya unyanyapaa huwa tunafikiria matusi. Tunawaza wanafunzi wanaomwita mwenzao kichaa, wanaomhama chumbani, wanaoficha visu vya jikoni anapoingia. Hayo yapo na ni mabaya. Lakini kijana wangu hakutukanwa na mtu. Alihesabu tu, kama mfanyabiashara, gharama ya kuwa mgonjwa anayejulikana na gharama ya kuwa mjinga anayejulikana, akaona ya pili ni nafuu. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Walioifanya iwe sahihi ni sisi watu wazima, kwa muhuri, kwa faili lisilofungwa, na kwa mwajiri ambaye hakuna hakika kwamba asingeuliza.

Sheria ya nchi, ni vyema kusema, imekwenda mbele kuliko ofisi zetu. Jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho na kumpa mgonjwa haki ambazo ile ya mwaka 1989 haikumpa. Na Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Hicho ndicho kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Yaani kwa miongo mingi kijana aliyenusurika aliweza kutolewa hospitali akapelekwa kizimbani, na adhabu yake iliweza kufika kifungo cha miaka miwili. Nani angemwambia mwalimu wake kwamba anafikiria kufa, ikiwa kusema hivyo ni karibu na kukiri kosa? Ilhali Shirika la Afya Duniani linatuambia kwamba mwaka 2021 kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo vya watu wa umri wa miaka 15 hadi 29 ulimwenguni. Huo ndio umri wa watu ninaowaita majina kila asubuhi.

Walimu wenzangu wataniuliza: sisi si madaktari, tufanyeje? Ni kweli. Mwalimu wa ushauri nasaha katika shule nyingi ana vipindi vyake vya hisabati au kemia kama kawaida, na ofisi yake ni kona ya chumba cha walimu, mahali ambapo siri haiwezi kukaa kwa dakika tano. Siwadai watibu. Lakini mwalimu ana chombo kimoja ambacho daktari hana, nacho ni daftari la mahudhurio. Yeye humwona kijana kabla hajaugua, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kuona tofauti. Aliyekuwa akijibu ameacha. Aliyekuwa nadhifu amekuwa mchafu. Anagawa vitabu vyake. Amwite faraghani, si mbele ya darasa, amwambie alichokiona bila kumhukumu, kisha anyamaze amsikilize. Neno "jikaze" alimeze. Akiona sababu ya kuhofia, amwulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujitoa uhai. Wengi huogopa kwamba swali hilo litampandia kijana fikra ambayo hakuwa nayo. Wataalamu wanakubaliana kwamba sivyo. Aghalabu humpa nafasi ya kuutua mzigo. Jibu likiwa ndiyo, asimwache peke yake, asimwahidi siri asiyoweza kuitunza, amfikishe hospitali siku iyo hiyo. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bila malipo, na ile ya 116 ni ya watoto. Ziandikwe mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuzisoma bila kuonekana akizisoma, kama vile nyuma ya mlango wa choo.

Wala isidhaniwe kwamba mpaka tupate wataalamu katika kila shule ndipo tuanze. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa na kundi la Tom Osborn, Mkenya mwenzetu, katika shule nne za upili za Nairobi na Kiambu. Wanafunzi 413 waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi uliokithiri waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walikutana katika vikundi vidogo mara moja kwa wiki, kwa wiki nne, wakiongozwa na vijana waliomaliza sekondari juzijuzi. Wengine walifundishwa mbinu za kusoma kwa utaratibu uo huo. Wale wa kwanza walipata nafuu zaidi. Mpango huo umeitwa Shamiri, na jambo lililonipendeza ndani yake ni kwamba haumwiti mwanafunzi mgonjwa. Humwita aje azungumze juu ya kukua, juu ya shukrani, juu ya anachokithamini. Kwa njia hiyo aliyekuja haonekani kwa mwenzake kuwa amekwenda kutibiwa. Waliobuni mpango huo walijua kwamba hofu ya kuonekana huzuia watu kufika, wakaukwepa ukuta badala ya kuugonga kwa kichwa.

Nasi vyuoni tunaweza kuukwepa ukuta kwa jambo dogo mno, ambalo halihitaji fedha wala tume. Fomu ya kuomba mtihani wa ziada ina mstari unaosema "Aina ya ugonjwa," na chini yake nafasi ya kubandika barua ya daktari. Mstari huo ufutwe. Mahali pake daktari wa chuo, ambaye amekula kiapo cha kutunza siri, aisome barua peke yake, aifungie kwake, kisha aandike sentensi moja tu: kwamba mwanafunzi alikuwa mgonjwa tangu tarehe fulani hadi tarehe fulani. Karani hahitaji zaidi ya hapo. Aliyevunjika mguu, aliyejifungua, aliyekuwa Mathari, wote waonekane sawa katika faili. Nimelipeleka pendekezo hilo kwa maandishi mara mbili, na nimeahidiwa kwamba litajadiliwa. Fomu za mwaka ujao wa masomo bado hazijapelekwa kwa mpiga chapa.